Risasi Alionyesha kwa Kidevu

Asubuhi mvua imekatika, lakini maji bado yanachuruzika kwenye bati. Mwanamke anayeitwa Risasi anafuta meza kwa kitambaa, anachomeka chuma chake cha kulehemu kwenye umeme na kusubiri kipate moto. Kisha anagusisha ncha ya chuma kwenye risasi, ule uzi laini wa kijivu uliompa jina. Unayeyuka na kuganda pale pale anapotaka.

Kazi yake ni kufunga vichwa vya nyaya za antena. Wateja wengi ni wa televisheni. Wachache ni watu wa redio za kuongea, wale wenye leseni ya kukaa nyumbani na kuzungumza hewani na wenzao wa mbali, si kwa biashara, kwa kupenda tu.

"Hao ndio wasumbufu," anasema. "Kichwa kimoja atakigeuzageuza kama anachagua pete ya uchumba. Lakini ndio ninaowapenda."

Meza si yake. Ni ya kaka yake, anayekaa mbele na kuongea na wateja. Risasi hukaa nyuma, na nusu ya malipo ya kila kichwa anachofunga huchukua kaka.

Katika kazi hii kichwa kinachoingia huitwa dume, kinachoingiwa huitwa jike. Kuna dume la kawaida, linalong'aa, zuri kwa ndani ya nyumba. Kuna jingine lenye duara la mpira la kuzuia maji, la kufunga juu ya paa. Mafundi huliita dume la mpira, na kila mtu mzima anajua mtaani maneno hayo yana maana gani ya chumbani.

"Siku ya kwanza nililitaja kwa sauti," Risasi anasema, macho yakiwa mezani. "Safu nzima ya mafundi ilicheka. Yule fundi saa wa hapo mbele kila asubuhi, 'Dada, dume la mpira umepata, au nije nalo?' Toka hapo sikulitaja tena. Nikitaka kitu, naonyesha."

Ndivyo alivyofanya siku alipokuja mzee mmoja, dereva mstaafu, mtu wa redio. Mdogo wake alikuwa mlinzi wa msitu milimani, mahali ambapo simu haishiki. Kila jioni ndugu hao walikutana hewani. Sasa mzee alitaka kichwa kipya cha kuunganisha waya juu ya paa. Hakumuuliza kaka wa Risasi. Alimuuliza fundi mwenyewe.

"Binti, ingekuwa nyumba yako ungefunga kipi?"

Fundi saa alikuwa amesimama hapo, anasubiri chenji. Risasi akanyoosha kidevu kuelekea boksi la vichwa vya mpira. Kando yake lilikuwa boksi la vile vinavyong'aa, na kaka akatoa kimoja humo.

"Hiki hapa, mzee. Fundi kachagua."

"Niliona," anasema Risasi. "Nikafungua mdomo. Yule wa saa tayari alikuwa ananichekea. Nikaufunga. Nikakichoma kile kichwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchoma."

Mvua zikaja, maji yakaingia. Redio iliyolowa kichwa hudanganya, kwa sababu kusikia hakuhitaji nguvu kama kusema. Mzee aliendelea kumsikia mdogo wake, jioni baada ya jioni. Mdogo wake hakumsikia yeye.

"Alisema anaumwa," mzee analiambia gazeti hili. "Anauliza, 'Kaka, upo?' Namjibu nipo. Anauliza tena. Nilijibu mpaka sauti ikakauka. Mwisho akasema, 'Haya kaka, kama umenichoka, sawa.'"

Mzee alifunga safari kumfuata. Alikuta wameshamzika.

Aliporudi alikileta kichwa mezani. Risasi alikikata, ndani kilikuwa kijani kwa kutu, na tone la maji likaanguka juu ya meza.

"Si wewe uliyeonyesha?" kaka akawahi kumwambia dada yake. Mzee akamtazama Risasi, akaondoka. Redio yake ameifunika shuka.

Tulipomuuliza kaka, alisema: "Kila fundi hukosea. Mimi nauza nilichoonyeshwa."

Risasi ameshapata mahali pa meza yake mwenyewe, mwishoni mwa safu, karibu na bomba bovu la majitaka. "Pananuka," anasema. "Lakini mteja akiuliza, nitajibu mimi. Na yule mzee nitamwendea. Sijui nitaanzaje."

Tukiwa bado tunaongea, kijana mmoja anakuja na waya begani. Anataka kichwa cha juu ya paa.

"Chukua dume la mpira," anasema Risasi.

Fundi saa anacheka. Risasi anamsubiri amalize, kisha analirudia.