Kiti cha Nthambi

Nthambi alikuwa mfupi, na hakuona la kuficha hapo. Kwenye foleni ya mfereji pale Jericho, mtaani kwao Nairobi, kilichoonekana kwanza ni kilemba chake, kisha ndoo, halafu yeye mwenyewe. Lakini kazini alikuwa mkubwa. Katika kiwanda cha peremende kule Industrial Area alisimama mezani akifunga pakiti tangu king'ora cha asubuhi hadi cha jioni, na kila msichana mpya aliletwa kwake afundishwe. Walikuja warefu, wenye kucha ndefu, na baada ya wiki moja walikuwa wakimwita Mama.

Jioni akirudi nyumbani, viti havikukosekana. Palikuwa na vinne vya mbao vyenye vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, na kimoja kikubwa karibu na redio, cha Ndeti mumewe. Taabu ni kwamba kila alichokalia, miguu ilining'inia kama ya mtoto kanisani. Basi akawa anakwenda kupumzikia jikoni, kwenye kigoda, huku anachambua mboga. Mtu kupumzika na kisu mkononi!

Hata ukafika mwaka ule ambao kiwanda kiliwapa wafanyakazi wa zamani bakshishi ya Krismasi. Karo ya Ndanu, binti yao, ilikuwa imelipwa. Unga upo. Mabati ya nyumba ya kijijini Kangundo yalikuwa yamepigwa. Nyumba haikuhitaji kitu. Ndipo Nthambi akataka kiti.

Akaenda Kariobangi kwa Obura, fundi wa makochi aliyefanyia kazi kando ya barabara.

"Chagua, mama. Vyote hivi vimekwisha."

"Hivyo ni vya watu wengine. Nipime mimi."

Obura akacheka. "Mama, kiti si rinda."

"Nani kasema rinda? Toa futi yako."

Akapimwa, kutoka kisigino hadi goti, kutoka kiunoni hadi mabegani, wapita njia wakitazama. Kitambaa akachagua mahameli ya rangi ya zambarau. Obura akamwonya kwamba mahameli hushika vumbi, na mwenye watoto hununua plastiki ya kupangusa. Nthambi akamwambia atapangusa vumbi lake mwenyewe.

Kiti kililetwa Jumamosi mchana, kwa mkokoteni, kimefunikwa gunia. Truphena, jirani wa mlango wa pili, ambaye mumewe alifanya kazi reli, alikuwa ameshasimama nje, mikono kiunoni.

"Mama Ndanu, ni mgeni gani huyo anayeletwa na mkokoteni?"

"Ni kiti changu."

"Chenu na Baba Ndanu."

"Changu."

"Ai, dada! Si ungenunua kabati la vioo? Kabati tungelitazama sote."

"Basi hiki nitakitazama mimi."

Ndeti, aliyekuwa dereva wa lori, alikizunguka kile kiti kama anayekagua magurudumu kabla ya safari ya Mombasa. "Ni kizuri," alisema. "Lakini wageni wakija utakitoa."

"Wageni wana viti vinne, Baba Ndanu. Na chako."

"Na kaka Kiilu je?"

Mzee Kiilu alikuwa kaka mkubwa wa Ndeti, mrefu kama nguzo ya simu, na kila kizuri cha nyumba ile kilikuwa chake siku alipofika: paja la kuku, kitanda, nafasi ya kukaa. Blanketi la kwanza Nthambi alilojinunulia maishani, Mzee Kiilu alilisifu mara moja tu, nalo likapanda basi naye kwenda Kangundo. Akikalia kiti hiki na kukisifu, kitakuwa kiti cha Mzee, hata akiwa hayupo. Na Nthambi atarudi kwenye kigoda.

Mzee alikuja Pasaka. Truphena alimwona akivuka uwanja, akaja mbio kuomba chumvi, na alipopewa hakuondoka.

Nthambi alikuwa kitini. Akainuka, maana heshima ni heshima, akampokea shemeji yake mkoba na kofia. Alipogeuka kutundika kofia, Mzee Kiilu alikuwa ameshaona mahameli. Akajishusha juu yake.

Akashuka. Akazidi kushuka. Alipofika chini, magoti yalikuwa yamepanda karibu na ndevu. Ndanu alikimbilia jikoni, mkono mdomoni. Chai ikaletwa; Mzee akaiweka gotini, sahani ikateleza, chai ikamwagikia suruali ya Pasaka. Sala akaiomba akiwa ameyakumbatia magoti yake.

"Ndeti," alisema baada ya amina, "fundi wa kiti hiki alikuwa amelewa?"

Ndeti akatazama dari. Nthambi angeweza kusema ndiyo, fundi alikosea, na mambo yakaishia hapo.

"La, shemeji. Fundi hakukosea hata inchi moja. Alinipima mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Hicho ni kiti changu. Chako ni kile karibu na redio, na mto nimekwisha kukuwekea."

Truphena aliweka chumvi yake mezani, akaisahau. Hakuna mke wa nyumba yao aliyewahi kumwonyesha Mzee Kiilu pa kukaa. Maneno kama hayo hujibiwa mtu akiwa amesimama, naye akajaribu kusimama, akashindwa. Akajaribu tena. Mwishowe akanyoosha mkono, na aliyeushika ni Nthambi. Akavuta, akavuta, mzee akatoka kama muhogo kwenye udongo mkavu.

"Ee! Mkono wa kufunga peremende una nguvu hivi?"

"Ungeona miguu, shemeji. Inasimama kutwa. Ndiyo niliyoitafutia kiti."

Mzee akaenda kwenye kiti kikubwa, akanyoosha miguu hadi katikati ya chumba. Nthambi akammiminia chai nyingine. Kisha akachukua kikombe chake, mbele ya mumewe, mbele ya Truphena, akaketi kwenye mahameli yake, nyayo zote mbili sakafuni.

"Keti basi," Mzee Kiilu alisema, ingawa Nthambi alikuwa ameshaketi. Akanywa chai. "Na huyo fundi... ana mbao za kutosha miguu kama yangu?"

"Kwa miguu yako, shemeji, itabidi aangushe mti mzima."

Kicheko kilianzia jikoni. Cha Mzee kilikuja mwisho, lakini kilikuja.

Jumatatu alipanda basi la Kangundo na mkate, sukari na kofia yake. Kiti kilibaki Jericho.