Majani ya Shangazi Maabarani

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, shangazi yangu mwenye ugonjwa wa sukari aliacha vidonge vya kliniki. Badala yake alichemsha majani machungu ya kichaka kilichoota nyuma ya migomba yake kijijini Nyaramba. Aliposikia kwamba ninapima dawa za mimea maabarani, alinifungia kifurushi.

"Kapime, daktari wa majani. Yakishinda, vile vidonge nawatupia kuku."

Niliyakausha kivulini, chumbani kwangu mtaani Nyanchwa, nikayasaga, nikayaloweka, nikachuja. Kipimo chenyewe ni chepesi kutazama. Kuna maji ya zambarau. Ukiyadondoshea maji ya mmea unaozuia ule uharibifu unaoifanya ndizi iliyomenywa iwe nyeusi, zambarau hufifia na manjano huingia taratibu, kama mwanga unavyoshuka juu ya mashamba ya chai. Majani ya shangazi yaligeuza rangi upesi. Nilisimama pale nikifurahi peke yangu.

Kisha, kwa kuwa ilibidi nilinganishe na kitu, nikadondoshea chupa nyingine ya zambarau maji ya majani ya chai ya kawaida. Zambarau ikatoweka mapema zaidi.

Jumapili nilimkuta shangazi mlangoni akikata mboga. Nilimweleza kwamba majani yake yana nguvu, lakini ni nguvu ya kufuta rangi ndani ya chupa; kama yanashusha sukari mwilini, hilo sikulipima.

"Si umesema yana nguvu?" akauliza, kisu kikiendelea.

Ndipo nikataja chai.

"Chai gani?"

"Hii unayokunywa kila siku."

"Imeyashinda majani yangu?"

"Imeyapita mbali."

Alicheka hadi mboga zikamwagika mapajani. "Kumbe! Nimekunywa mshindi tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sukari bado ikanipata!"

Kicheko kikakatika. Aliziokota mboga moja moja, akizitazama kana kwamba hazijui.

"Kesho nisindikize kliniki," akasema hatimaye. "Na usijigambe njiani. Aliyenishauri ni chai, si wewe."

Asubuhi tulipanda boda boda moja, yeye katikati, akiukumbatia mkoba wake. Huko kliniki, muuguzi alifungua pakiti ya vidonge ambayo shangazi aliitoa mkobani, akauliza kwa nini imejaa hivyo. Shangazi alinitazama kidogo, kisha akamwambia ukweli.