Kereng'ende wa Dimbwi Letu

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Mambrui kabla ya kila kiwanja kuzungushiwa ukuta, hatukungoja redio itwambie kwamba vuli imekaribia. Tulikuwa tukitoka chuoni alasiri, juzuu kwapani, midomo myekundu kwa ubuyu, na tukiinua macho tunawaona kereng'ende wa manjano wamejaa hewani. Wanakwenda mbele, wanarudi, wanasimama papo hapo bila kushikilia kitu, kisha wanapotea. Halikupita juma mvua ikanyesha. Mama alikuwa akiwaona tu husema, "Wageni washafika, anueni nguo," nasi tunakimbilia kamba huku tukicheka, maana jua bado lilikuwa linawaka.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na dimbwi. Lilikuwa ndani ya kiwanja cha Baba, lakini mtaa mzima ulilijua. Ng'ambo moja matete, ng'ambo nyingine mchanga mtupu ambapo bata wa jirani walijianika. Nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya tope lile, imechanganyika na harufu ya mbaazi za nazi zilizokuwa zikitokota jikoni. Wenzetu walicheza kibemasa na mdako mpaka magharibi. Mimi na kaka yangu Athumani tulicheza pia, lakini mwisho wetu ulikuwa dimbwini, tumelala kifudifudi, kidevu kwenye mchanga.

Athumani ndiye aliyekuwa hodari. Alinitangulia kuzaliwa kidogo tu, lakini kwa habari ya wadudu wale alikuwa kama mzee wa mji. Alinionyesha dume jekundu lililokaa juu ya kijiti kile kile kila siku, likimfukuza kila dume mwenzake anayepita. "Huyo ndiye mwenye mtaa," akasema. Alinifundisha kuwatofautisha kereng'ende wanene, wanaotua wametandaza mbawa, na wale ndugu zao wembamba kama sindano, wanaozikunja mgongoni. Hawa wembamba tuliwaita maharusi, kwa kuwa walikuwa na haya na hawakutoka matetani. Na tulipowaona wawili wameshikana, wamejikunja wakawa kama kipete, Nyanya hutupigia kelele kutoka barazani: "Tizameni kwengine, nyinyi! Yale si ya watoto." Tulitizama kwengine kwa muda wa kuvuta pumzi.

Baada ya hapo jike huja juu ya maji na kuyagusagusa kwa ncha ya mkia. Kila akigusa, anaacha mayai. Kaka yangu ndiye aliyeniambia hivyo, na sikumwamini mpaka aliponichotea maji kwa kifuu akanionyesha watoto wao. Tunutu hao hawana sura ya mama yao hata kidogo. Ni wa rangi ya tope, wana vijibawa visivyokua bado mgongoni, na wana mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono. Kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu, mkono ule unafyatuka na kiluwiluwi hakipo tena. Wakitaka kukimbia hujirusha kwa kusukuma maji kupitia nyuma, jambo lililotuchekesha mpaka tukaumwa na mbavu.

Nyumba za jirani zilitia samaki wadogo kwenye birika, yale matangi ya kutawadhia, ili wavile viluwiluwi vya mbu. Kwetu paka alikuwa akiwavua samaki wale asubuhi mapema, kwa hivyo Nyanya alikuwa na mtindo wake. Alitia tunutu. Na aliyeaminiwa kuwaleta ni Athumani peke yake, kwa sababu mimi, Nyanya alisema, nina mkono mzito. Alikuwa akimwita, "Athumani, maji yashaota wadudu, nenda kaniletee walinzi," naye anatoka mbio na kifuu chake, kichwa juu, kana kwamba ametumwa na liwali. Akawatia birikani mmoja mmoja, taratibu, pamoja na kijiti kirefu cha kupandia. Siku yao ikifika walipanda kijiti alfajiri, mgongo ukapasuka, akatoka kereng'ende mzima, amelowa, mbawa zimekunjamana. Tulikuwa tukienda kutawadha, tunalikuta ganda tupu limeshikilia kijiti. Nyanya hakuruhusu mtu kumgusa aliyekuwa akijikausha. "Naye ana safari yake," alikuwa akisema.

Safari yenyewe hatukuijua. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba wale wa manjano, wataalamu wanaamini, huvuka bahari kutoka Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, wakifuata mvua, na kwamba watoto wao hukua haraka ili wawahi kuruka kabla dimbwi halijakauka. Nilipoyasoma hayo nilimpigia simu Athumani papo hapo. Wakati huo alikuwa bado mtu wa kupigiwa simu kwa jambo kama hilo.

Vijana wa siku hizi hawajui lolote katika haya. Mjukuu wangu alimwona kereng'ende amesimama hewani dirishani, akaniuliza ni nani anayeendesha droni. Wakiumwa na mbu hupuliza dawa ya mkebe mpaka sisi wenyewe tunakohoa, kisha wanalala na simu usoni. Siwalaumu sana. Hawakuachiwa dimbwi.

Baba alipofariki, mali yake iligawanywa kisheria kama inavyopasa. Kiwanja kilikatwa, na upande wenye dimbwi ukamwangukia Athumani. Ilikuwa haki yake, sikuwa na neno. Mimi nilikwisha olewa Kilifi, naishi Kibarani, na nilichukua sehemu yangu kwa moyo mweupe. Nilimwomba kitu kimoja tu, mbele ya Mama, siku ile tulipomaliza hitima: asilifukie dimbwi. Akacheka akanishika bega. "Zuhura, wanidhani mimi nani? Dimbwi hili ni langu na lako." Mama akaitikia, "Alhamdulillahi." Nilirudi Kibarani nimetulia, kwa sababu nilimjua aliyeniahidi.

Mama naye akatangulia. Haukupita muda mrefu, binti wa jirani akanipigia simu: "Shangazi, malori yamwaga vifusi kule nyuma kwenu, nawe huna habari?" Nilipofika matete yalikuwa yamelala chini ya mawe ya matumbawe, na maji yaliyobaki yalikuwa kama ya kuoshea sufuria. Athumani alikuwa amesimama na fundi, ameshika mikono kiunoni. Alikuwa amezunguka Bofa, kule ufukweni Kilifi, akaona majumba ya kukodishia wageni, naye akayataka.

"Kaka, uliniahidi."

"Wajua, wageni hawataki mbu."

"Na mbu wa pale walikuwa wakiliwa na nani?"

Akamgeukia fundi. "Mambo ya utotoni hayo, dadangu. Twende ukanywe chai."

Sikunywa. Leo pale pana nyumba nyeupe zenye makuti, na katikati pana bwawa la kuogelea lenye dawa, maji ya buluu ambayo hayana hata mnyoo. Na mbu wapo. Wanazaliana kwenye visahani vya vyungu vya maua na kwenye mfereji ulioziba nyuma ya jiko. Kila jioni hupita kijana na mashine ya moshi, wageni wanafunika vinywaji vyao.

Vuli iliyopita nilikwenda, kwa sababu undugu haukatwi kwa vifusi, nami nilikuwa bado najidanganya. Nilijiambia kwamba Athumani amesahau. Mtu akizeeka, akishughulika, mambo humtoka. Aliyesahau hukumbushwa, na akikumbushwa huenda akachimba hata kishimo pembeni, akatia matete mawili matatu. Maneno niliyaandaa njia nzima kutoka Kilifi.

Tulikuwa tumesimama uani karibu na gari lake jeusi, limeoshwa linametameta. Kereng'ende wa manjano walikuwa wamefika, wengi kama zamani, wanazunguka juu ya paa, wanashuka, hawana pa kushukia. Baadhi walikwenda kwenye bwawa la buluu. Kisha jike mmoja akaja juu ya boneti la gari, dume lake likimfuata nyuma, akaanza kugusa kwa mkia. Anagusa, anainuka, anagusa tena. Kwenye bati la moto.

Nilifungua kinywa nimwambie. Athumani akanitangulia.

"Waona? Ataga huyo. Huona mng'ao, akadhani ni maji." Alicheka. "Wote huja hapa. Mayai yale yakikauka yala rangi."

Akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa boneti, polepole na kwa uangalifu, kama mtu anayejua hasa anachokipangusa. Jike akaruka kando kidogo, akarudi nyuma ya mkono wake, akaendelea kutaga pale palipokwisha safishwa. Athumani akapangusa tena.

Sikuwa na la kumkumbusha. Alikuwa anakumbuka kila kitu, na kukumbuka kwake hakukumzuia. Hilo ndilo lililonichoma kuliko malori. Nilikuwa nimejitayarisha kumsamehe msahaulifu, na msahaulifu hakuwepo. Niliaga nikasema nawahi gari la Kilifi, naye akanifungia mahamri ya njiani, akanisindikiza mpaka langoni, mpole kama kawaida.

Bado tunapigiana simu kila Idi. Ananiuliza hali ya miguu yangu, namuuliza hali ya sukari yake, tunaombeana dua. Enzi zetu tuligombana kutwa nzima, tukanyang'anyana kifuu, tukapigana makonzi, na usiku ukifika tukalala jamvi moja. Siku hizi mimi na Athumani hatugombani kabisa.