Jicho Nililomchorea Elirehema

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya asubuhi ya leo, akaniachia na mikono ambayo, ingawa inatetemeka, bado inashika kalamu. Sifa ni zake yeye aliyempa kila mtu uso wake, wala hakukosea hata mmoja. Kwa jina lake naanza, mwanangu, nikusimulie jambo nililolibeba tangu ujana wangu.

Nakumbuka siku moja ya mvua za vuli. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi katika chumba cha kujalidi vitabu cha misheni, kule kwetu Myamba, juu milimani. Vitabu vya nyimbo vilivyochanika, Biblia zilizoliwa na mende, madaftari ya ubatizo yaliyolowa, vyote vililetwa kwetu. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Elieza, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vinene kama vya mwashi. Lakini ungemwona akifungua karatasi kuukuu iliyogandamana, ungedhani anamvua mtoto nguo akiwa usingizini. Sijaona tena mikono ya namna ile.

Siku hiyo aliingia mama mmoja, miguu yake imejaa matope hadi magotini. Alikuwa amepanda mlima kutoka kijiji cha Bendera, kule chini tambarare, na kifuani alikumbatia mkeka uliokunjwa.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiwe unayefufua karatasi?"

"Anayefufua ni Mungu, mama," Mzee Elieza akajibu kutoka mezani kwake. "Sisi tunabandika tu. Karibu ukae."

Jina lake lilikuwa Mama Elirehema. Alikunjua mkeka, na ndani yake mkawa na bango la sinema, kubwa kama mlango wa dirisha. Niliwahi kuona mabango ya sinema mara moja nilipokwenda Moshi, lakini hili lilikuwa la namna nyingine. Aliyechorwa juu yake hakuwa mgeni wa nchi za mbali. Alikuwa kijana wa Kipare, amesimama juu ya matuta ya shamba, jembe begani, milima yetu nyuma yake.

"Huyu ni mwanangu," mama akasema.

Akatueleza. Kabla ya vita, watu wa serikali walikuja na mashine yao ya kupiga picha, wakitaka sinema ya kufundisha watu kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Wakamchagua Elirehema kwa kuwa alikuwa na umbo zuri.

"Walimlimisha tuta moja mara kumi," akasema, akacheka kidogo. "Mara kumi! Wala mbegu hawakupanda. Nikamwambia, mwanangu, hawa watu wana njaa ya namna gani?"

Mabango machache yakachapwa, moja likabandikwa kwenye duka karibu na stesheni ya Same. Kisha vita vikaja, Elirehema akaenda Burma, na ikaja barua ya serikali badala yake. Hakuna kaburi. Picha yake ya kupiga mama hakuwa nayo hata moja. Sasa mwenye duka, alipovunja kabati la zamani, alilikuta bango hilo nyuma yake. Akakumbuka ni mtoto wa nani, akampelekea mama yake. Mungu amrehemu mtu yule kwa kukumbuka.

"Mnaona macho yangu," mama akatuambia, akainua uso. Kweli, mboni zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho. "Yanaziba. La kushoto halioni tena ila mwanga. Nataka nimwone huyu kabla hili jingine halijafunga. Mnaweza?"

Mzee Elieza aliliangalia bango muda mrefu. Lilikuwa limekatika vipande vinne kwenye mikunjo, limepauka, na mchwa walikuwa wamekula upande wa kushoto wa uso: jicho, nyusi, na sehemu ya shavu. Palibaki tundu la ukubwa wa kiganja.

"Tutaweza kiasi tutakachoweza," akasema. "Njoo baada ya majuma matatu."

Mwanangu, laiti ungekuwapo ukaiona kazi ile. Kila asubuhi tulisali kwanza, kisha Mzee Elieza alijaza maji ya chemchemi mdomoni, akayapuliza juu ya karatasi yakatua kama umande, wala hakuna tone lililotiririka. Karatasi ikalegea yenyewe. Tukailaza katika beseni pana, uchafu wa miaka ukatoka ukayafanya maji kuwa kama chai. Tukapika gundi ya unga wa ngano, tukaichuja kwa kitambaa mara mbili, tukatandaza kipande cha kitambaa cha marekani juu ya meza, tukavilaza vile vipande vinne juu yake, ukingo kwa ukingo. Siku karatasi ilipokauka, milima ilikuwa imerudi na rangi yake ya buluu, na mkono ulioshika jembe ulikuwa hai kabisa. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Mzee Elieza alisema tu, "Bwana asifiwe," akaenda kunawa.

Likabaki tundu la usoni. Juma la tatu Mzee Elieza aliitwa msibani Usangi. Kabla ya kuondoka alinigeukia mlangoni.

"Danieli, uso usiuguse mpaka nirudi."

"Sawa, mzee."

Nikamsikia kwa masikio tu. Nilikuwa hodari wa kuchora, na nilijijua. Tena akina mama wa sokoni walikuwa wamechungulia dirishani wakasema kwamba kijana wa bangoni anafanana nami, na si ajabu, maana ukoo wetu ni mmoja, ingawa sikupata kumjua; wazazi wake walihamia Bendera nikiwa mdogo mno. Basi nikaazima kioo cha mke wa mwinjilisti, nikakisimamisha mezani, nikaangalia jicho langu la kushoto. Nikabandika karatasi ngumu juu ya tundu, nikachanganya rangi na ute wa yai ili ing'ae, nikachora. Na ili pasionekane maungio, rangi nikaivusha mpaka juu ya shavu la asili. Nilipomaliza, hata mimi sikuweza kuona mchwa walipopita. Nakiri kwako, nilijisifu.

Mama Elirehema akafika kabla Mzee Elieza hajarudi. Nikamfungulia mlango kwa mbwembwe, nikamsogeza hadi kwenye bango. Akaweka uso karibu sana, pua ikakaribia kugusa karatasi, jicho lake zima likatembea polepole. Kwenye jembe alitabasamu. Kwenye mdomo akasema kitu kwa Chasu, lugha yetu Wapare, sauti ya chini, kama mtu anayeita mtoto aje kula. Kisha akafika juu, machoni.

Akarudi nyuma. Akanitazama mimi, akalitazama bango, akanitazama tena.

"Jicho hili la kulia ni la mwanangu," akasema. "Hili jingine ni lako."

Nikageukia bango.

"Umenichorea Danieli. Danieli si huyu hapa mbele yangu? Wa nini tena ukutani kwangu?" Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia. "Na kovu lake liko wapi? Alianguka kwenye mawe ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, siku ya msaragambo, watu wote wakizibua matope kwa pamoja, naye akirukaruka ukingoni. Nyusi ikapasuka hapa. Mimi ndiye niliyeliosha lile jeraha. Wewe umelifuta."

Akakaa kwenye benchi la mlangoni, akageukia mvua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mzee Elieza alirudi jioni ile akatukuta hivyo, mama kwenye benchi, mimi nimesimama. Aliangalia bango, akaelewa.

"Ulimjua Elirehema?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi ulimchora nani?"

Nikainamisha kichwa.

"Sikukukataza kwa kuwa hujui kuchora," akasema, na sauti yake haikupanda. "Nilikukataza kwa kuwa unajua. Asiyejua angeacha doa, na doa mtu analiona akalijua kuwa ni doa. Wewe umeweka uso. Macho ya mama huyu yakifunga juma lijalo, yatafunga na uso wa nani?"

Kesho yake tulianza kuondoa. Karatasi niliyobandika ilikubali maji, ikabanduka. Lakini ile rangi ya yai niliyoivusha juu ya shavu ilikataa. Mzee Elieza aliilowesha, akaisubiri, akaifuta kwa pamba kidogo kidogo siku mbili nzima, na mwishoni ikatoka pamoja na wino wa chini yake. Kipande cha shavu la Elirehema, upana wa ukucha wa kidole gumba, kilichonusurika mchwa na miaka yote ile nyuma ya kabati, kiliondoka kwa mkono wangu. Hakikurudi, wala hakitarudi.

Kisha akachukua karatasi safi, akaitia katika maji ya chai mpaka ikapata rangi ya bango lenyewe, akaikata kwa umbo la tundu, akaibandika. Hakuchora kitu. Nilipotaka kulainisha ukingo wake kwa kipande cha mfupa, kama tulivyofanya kwenye vitabu, akanishika mkono.

"Acha. Anayetafuta kiraka akipate."

Mama Elirehema alikuwa amelala kwa mke wa mwinjilisti siku zote hizo. Tulipomwita, nilimwambia mwenyewe habari ya lile shavu, maana Mzee Elieza alisema ni juu yangu kusema. Akasikiliza. Akaweka jicho karibu na karatasi, akatembea tena kutoka jembe mpaka mdomo mpaka jicho la kulia. Alipofika kwenye kiraka, akakiwekea kidole gumba.

"Hapa napajua mwenyewe," akasema. Akachora kwa kidole mstari mfupi wa kupinda, mahali nyusi ilipopasuka. "Lilikuwa hivi. Umeona, Danieli?"

"Nimeona, mama."

Akalichukua bango akashuka nalo.

Mwaka uliofuata nilitumwa Bendera na kifurushi cha vitabu, nikapita kumjulia hali. Macho yalikuwa yamekwisha kufunga yote mawili. Bango lilikuwa ukutani, kimo cha mkono wake. Nikasimama mlangoni bila kujitambulisha bado, nikamwona ameinua mkono, akapapasa karatasi iliyo laini kote, mpaka kidole kikagusa ukingo wa kile kiraka. Pale akasimama. Akajua yuko usoni kwa mwanawe, akachora lile kovu, akamsemesha.

Mwanangu, ningefanikiwa siku ile na kioo changu, kidole kile kisingekuwa na mahali pa kusimama.

Nasaha yangu kwako ni hii. Ukipewa kitu cha mwingine ukitengeneze, iwe karatasi, iwe nyumba, iwe sifa ya mtu aliyekufa, kisafishe, kiunganishe, kiimarishe kwa nguvu zako zote. Ukifika mahali usipopajua, simama. Usijaze hapo uso wako, hata kama ni mzuri, hata kama kila mtu atakusifu. Mwachie nafasi yule aliyependa kabla yako. Na ukiharibu, nenda ukaseme mwenyewe, maana nilipomwambia mama yule ndipo aliponionyesha kovu.

Mungu wa Mzee Elieza na wa Mama Elirehema akubariki wewe unayesoma. Akupe mikono mipole na moyo unaosikia unapokatazwa. Na wale uliowapoteza, akulindie nyuso zao hata macho yako yatakapofunga, mpaka siku atakapotuonyesha sote, makovu yetu yakiwepo. Amina.