Mifuko Miwili ya Mama Daisy

Wakio wa Mghange, mama yake Daisy, hakuwa mtu wa kelele. Miaka ishirini ya ujane alifunga mdomo akalima. Lakini serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku, mdomo ulifunguka, na aliyeufungua tunamjua: Thadeus, mpwa wa mzee wa kijiji, muuza simu wa Voi ambaye kiganja chake hakijawahi kuota sugu.

Sisi watu wa milimani nyumba zetu ziko juu kwenye baridi, na migomba kidogo na mboga. Shamba lenyewe la kumlisha mtu liko chini nyikani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huko tunalima tunarudi, hakuna anayelala akingoja tembo wamkanyage. Basi akaja Festus, karani wa kuandikisha wakulima. Kila mkulima asimame ndani ya shamba lake, apigwe picha kwa simu, na mbolea itapimwa kwa ekari. Wakio akapigwa yake kando ya nyumba: robo ekari. Na zile ekari zake mbili za nyikani je?

"Huko nitashuka siku nyingine, mama. Tutawatangazia."

Watangaze wapi. Festus alishuka Jumapili, watu wakiwa kanisani, akamkuta Thadeus katikati ya shamba la Wakio, amevaa gambuti mpya, anatabasamu. Picha ikapigwa, simu ikakubali: ekari mbili, jina la Thadeus.

Mvua za Novemba zikaanza, na ujumbe wa Wakio ukaingia: kilo kumi na mbili. Hiyo ni mbolea au chumvi ya mboga? Msimu wa masika uliotangulia mahindi yalitoka ya manjano kwa kukosa mbolea, akaishia kupanga foleni ya chakula cha msaada, mtu mzima na jembe lake. Asipopata mbolea wiki hiyo udongo ukiwa umelowa, angerudi kwenye foleni ile ile.

Siku ya soko Thadeus akapanda mlima na pikapu. Nyuma kuna mifuko miwili, mifuko ya zile zile ekari mbili, na anaiuza mara mbili ya bei ya serikali. Hata aibu hana. Alipomwona Wakio akamwita mwenyewe.

"Shangazi, njoo. Wewe nitakupunguzia."

Wakio alishika ubao wa pikapu, akapanda, akaikalia mifuko.

"Thadeus, lile shamba lako la nyikani, mwaka jana ulipanda nini?"

Watu wakaacha kununua. Thadeus akacheka kidogo. "Si mahindi, shangazi. Kama kila mtu."

"Ni pojo," Wakio akasema. "Danson jirani yangu yule pale alinisaidia kuvuna. Mkewe akanisaidia kupepeta. Wewe ulikuwa wapi?"

Wakio alifungua fundo la leso, akamtupia bei ya serikali miguuni, bila shilingi ya juu. Danson akaja kushusha mifuko. Thadeus akatafuta mtu wa kumtetea. Mjomba wake, mzee wa kijiji, alikuwa ameinama anachagua nyanya.

Mahindi yalipandwa kwa wakati. Wakio akaenda kwa Festus, ofisini kwa chifu, jina la Thadeus lifutwe. Festus akasema jina halifutiki mpaka uandikishaji mwingine, na siku hiyo mwenye shamba lazima akutwe shambani.

"Siku gani?"

"Tutawatangazia, mama."

Wakio alirudi nyumbani, akakunja godoro, akamwomba Danson ambebee kitanda mpaka nyikani. Majirani wakamjengea kibanda cha mabati katikati ya zile ekari mbili, na mpaka leo analala humo, mama wa miaka sitini na moja.

Daisy alipiga simu kutoka Mombasa akilia. "Mama, utauawa na tembo huko."

"Tembo akija anakula anaenda zake," Wakio akamwambia. "Hajiandikishi."