Mwarobaini ulivyoniumbua mbele ya gredi ya tano, Likoni

Wakuu, asalaam aleikum, na mliokula chumvi nyingi shikamooni. Nawapa kisa changu kama kilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na ni pengi.

Mimi ni mwalimu wa gredi ya tano huku Likoni. Kila Ijumaa nina kipindi kimoja cha watoto kusoma vitabu visivyo vya mtihani. Nakipenda kupita kiasi.

Mwalimu mkuu hakipendi.

Akanambia, "Mwalimu Rehema, wanao wanasinzia. Nakupa Ijumaa mbili. Nisiposikia mtoto akiuliza swali la maana, kipindi nakipa hesabu."

Hakunisingizia, walikuwa wanasinzia kweli. Tulikuwa tumeletewa sanduku la vitabu vya miti na misitu, picha za rangi, karatasi nzuri. Shida ni miti yenyewe. Misonobari imefunikwa theluji. Mtoto wa Likoni umwambie habari za theluji saa nane mchana, atakutazama kwa huruma.

Ijumaa ya kwanza nikapekua mpaka nikaupata mwarobaini. Alhamdulillahi. Upo nje ya dirisha letu, ndipo tunapoanika matambara ya kupigia deki.

Nikajivuna. "Huu unaitwa mwarobaini kwa sababu unatibu magonjwa arobaini."

Mkono ukainuka. Mwanasha, ambaye tangu muhula uanze nilimsikia akisema "abee" tu ninapoita majina.

"Mwalimu, yataje."

Jamani.

Nikaanza: malaria, upele, minyoo, jino, tumbo. Darasa zima linahesabu kwa vidole. Nilipofika la tisa nikasema homa.

Mwanasha akasema kwa adabu kabisa, "Homa si ndiyo ile malaria uliyoanza nayo, mwalimu?"

Niliona haya, siwafichi. Nikafanya anachofanya kila mwalimu akikwama, nikawaambia hiyo ndiyo homuweki yenu. (Walimu mlioko humu msijifanye, nanyi mwafanya.)

Ijumaa ya pili wakaja na madaftari yamejaa. Wameuliza nyanya zao, wauza mitishamba wa sokoni, mpaka maalim wa madrasa. Nyanya mmoja kasema unatibu ukurutu. Mwingine kasema unatibu mume anayechelewa kurudi nyumbani. Ukazuka ubishi kama hilo la mume ni ugonjwa ama ni tabia, wakalivamia sanduku kutafuta ushahidi. Wallahi, vitabu nilivyokuwa nikiwabembeleza wavisome, siku hiyo viligombaniwa mpaka kimoja kikachanika jalada.

Kelele zikamleta mwalimu mkuu. Nikajua basi, kipindi kimekwenda, maana kelele si swali la maana.

Akauliza kuna nini. Wakamweleza.

"Arobaini tu? Mbona rahisi," akasema, akaanza kutaja. Akakwama la saba. Mimi nilifika nane kabla ya ile homa, na nilifurahi kuliko inavyofaa.

Kwa aibu akachukua daftari la Mwanasha, akasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Ukurutu, mba, chango, yote. Akafika mwisho.

"La arobaini, kujifanya unajua. Nyanya amesema hili huwapata sana walimu."

Mwalimu mkuu akalifunga daftari. Akanitazama, nikamtazama. Kisha akamrudishia Mwanasha daftari lake taratibu, kwa mikono miwili.

Mlangoni akageuka. "Hesabu itatafutiwa siku nyingine."

Nilicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Basi nilichojifunza ni kwamba mtoto hasomi kwa kuwa kitabu kina picha nzuri. Anasoma akishuku kwamba mwalimu wake anababaisha. Ijumaa hii tunasoma mikoko, na nimewaambia mapema sijui kitu.

Haya, wa pwani na wa bara, ni mti gani wa kwenu mnaoujua jina tu? Andikeni hapo chini. Na anayejua magonjwa yote arobaini, tafadhali aanze na la mwisho.