Namba ya Mwisho Kwenye Kioo

Sipendi mtu aniambie gemu ni mambo ya watoto. Anayesema hivyo hakuwepo kwetu Mwananyamala ule mwezi wa pili wa eda ya mama, umeme wa mgao, redio imekufa, nyumba kimya kama watu wamehama, halafu saa tisa mchana unasikia kutoka ndani: pi. Pi. Pi. Pi.

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya baba, na baba tulishamzika.

Kidude chenyewe alikileta miaka ya mwanzo ya ruksa, vitu vilipoanza kumwagika madukani baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Alikuwa karani bandarini, baharia mmoja akampa. Kinaenea kiganjani, kioo juu, vitufe viwili chini. Ndani ya kioo kuna mtu mweusi, mdogo kama siafu, kabeba mzigo kichwani anavuka daraja. Mbao za daraja zinapotea mojamoja. Ukibonyeza kwa wakati wake anaruka, pi, unapata pointi. Ukichelewa anatumbukia, tuu. Akitumbukia mara tatu, basi. Namba uliyofika inabaki pale kwenye kioo mpaka mtu aanze upya, maana kidude kile hakizimwi. Pembeni kuna kitufe kingine kidogo: ukikishikilia kinakuonyesha rekodi, namba kubwa kuliko zote. Ukiachia, inarudi ile ya mwisho.

Hakuna kingine. Hakina rangi wala muziki. Mtoto wa jirani, ambaye kwao walikuwa na gemu la kuchomeka kwenye televisheni, alikishika mara moja akanirudishia: "Sista, hiki cha kizamani." Cha kizamani, ndiyo. Lakini lile la kwao walilichoka na kaseti zake zote. Baba alicheza hiki kimoja miaka na miaka, kila akirudi kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na hakukichoka. Kilichezwa mpaka kioo kikashika kivuli. Ukikiinamisha kwenye mwanga unamwona yule mtu, kafifia, juu ya kila ubao, wote kwa pamoja, kama foleni ya watu wanaosubiri kuvuka.

Baba alianguka kazini, hakurudi. Nikahamia pale na mwanangu wa miezi mitano nimkalie mama; mume wangu akabaki Gongo la Mboto na kazi zake. Baada ya arobaini wakagawa vitu: kanzu, viatu, saa. Kidude hakuna aliyekitaka. Nikakichukua mie, nikashikilia kile kitufe cha pembeni. 874. Nililia kama mwehu. Hiki ndicho nilichorithi, nikajiambia, rekodi ya baba. Namba ya mwisho wala sikuiangalia. Nikakifunga kwenye leso, nikakiweka kwenye kabati la chumbani kwa mama, nikatangaza nyumba nzima: asiguse mtu.

Wiki haikupita, pi pi zikaanza.

Siku ya kwanza nilikuwa uani nafua nepi. Nikakimbilia ndani na mapovu mikononi. Koridoni hakuna mtu. Chumbani mama kakaa kwenye mkeka na tasbihi yake, uso ukutani. Nikafungua kabati. Leso ipo, kidude kipo. Namba ya mwisho: 412. Nikashikilia kitufe, 874 bado ipo. Kesho yake, 655. Siku iliyofuata, 790. Mtu anapanda. Mtu anamfuata baba, na akimpita tu, namba ya baba inafutika, sina tena kitu.

Nilikasirika kwanza, kuogopa kukaja baadaye. Niliapa nitamvunja mtu vidole. Mama sikumhesabu kabisa. Mama huyu ambaye hata redio alikuwaga anawashiwa? Tena yuko kwenye eda, hatoki, hapaki wanja, hata kuongea anaongea chini chini, na shangazi, dada yake baba, kahamia kabisa kumchunga, nani anaingia, amevaa nini, amecheka na nani.

"Mwenyewe huyo," shangazi akasema, anachambua mchele bila kuinua uso. "Kaja kumalizia."

"Shangazi, maiti ana vidole vya kubonyeza?"

"Usinijibu hivyo, nimekutawaza mie wewe. Hiyo sauti naisikia kama unavyoisikia. Ijumaa nakichukua, nakwenda nacho feri, nakitosa majini. Mjane hakai eda na kitu kinachomwita."

"Kiguse uone."

"Nitakigusa. Na wewe nitakugusa."

Usiku ule nilikiweka chini ya mto wangu, lakini asubuhi sikukipata. Kilikuwa kimerudi kabatini, ndani ya leso yake. Hapo ndipo nikaogopa, nakiri.

Ijumaa nikamlaza mwanangu mapema, nikakaa sakafuni koridoni, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha mama. Shangazi alikuwa anajitanda baibui chumbani kwake, feri inamsubiri. Joto limesimama. Ikaanza. Pi. Pi. Pi. Haikuwa ikiyumba hata kidogo, mfululizo, kama mtu anayehesabu shanga. Nikaingia bila hodi.

Mama. Kwenye mkeka, kidude mapajani chini ya pindo la khanga, magumba mawili yanakwenda. Na macho kafumba. Nasema kafumba kabisa, anasikiliza tu, na midomo inachezacheza bila sauti. Nilisimama kama nimeona mtu mwingine amevaa ngozi ya mama yangu.

Nikachungulia kioo. 866.

"Mama, acha! Utaifuta rekodi ya baba!"

Hakuacha. 869. 870. Nilinyoosha mkono nimpokonye, akaugeuzia bega. 872. 873. Akainua magumba, yote mawili, juu, kama mtu aliyegusa jiko. Yule mtu kwenye kioo akasubiri, ubao ukapotea, tuu. Tuu. Tuu. Kimya.

Mama akafumbua macho. "Funga mlango."

Nikafunga.

"Rekodi ya baba yako nani kakwambia? Hiyo 874 yangu mie. Ya mwaka ulioolewa wewe."

"Yako?"

"Yeye akienda kazini, nyie mkienda shule, mie nabaki na nani? Miaka yote ile alikuwa ananikimbiza mie. Asubuhi aliyoanguka kafika 873, kakiweka hapa kitandani, kaniambia, 'Bi mkubwa, nikirudi leo nakupita.'" Akakifuta kioo kwa khanga. "Ulipokileta kabatini nikakifungua nimwone. Nikajisahau, nikabonyeza. Kidole tu, mwanangu. Ikafutika ile 873 yake. Basi nilikuwa namrudishia."

Ile namba nilikuwa nayo mikononi, ya mwisho aliyoacha duniani, sikuitazama. Nilikuwa nalilia nyingine.

"Si ungesema?"

"Nikasemee wapi? Shangazi yako asikie mjane anacheza gemu?"

Mlango ukafunguliwa. Shangazi, baibui limekaa vizuri, mkono mbele. "Kiko wapi?" Akakiona mkekani, akainama, akakiokota, na gumba lake likatua palepale juu ya kitufe.

"USIBONYEZE!"

Nilimpokonya. Shangazi wa damu, mkubwa kwangu kwa miaka yote ile, nilimpokonya. Mwanangu akaamka analia.

"Nilikuwa nacheza mie," nikasema. "Siku zote hizo ni mie. Hakuna cha marehemu hapa."

Aliniangalia, akamwangalia mama, ambaye alikuwa kaisharudi kwenye tasbihi, uso ukutani.

"Kwenye eda ya mama yako? Huna haya wewe. Mama mzima, maziwa yanakuchuruzika, unacheza vidude!"

Sina. Alilisema neno hilo miezi yote iliyobaki, kwa kila aliyekuja kuhani msiba, nami nikalibeba. Akiniona leo hajibu shikamoo yangu mpaka niirudie mara mbili.

Betri za kidude ziliisha mama akiwa keshatoka eda. Asubuhi moja kioo kikawa kitupu. Fundi saa akatia nyingine, kila kitu kikaanza sifuri, na mie na mama tukaanza kushindana, anacheza yeye, nacheza mie. Nilidhani nitachoka. Sijachoka. Mwanangu sasa anatembea, chakula kinaungua, mie niko juu ya daraja.

Mume wangu alikuja kunifuata juzi akatukuta. Akashikilia kile kitufe cha pembeni. "Rekodi 873 tu? Miezi yote hii? Mbona hampiti?"

Hatukupanga, mie na mama. Kila mmoja akifika pale anainua gumba.

"Pita wewe," nikamwambia.

Akacheka, akakaa, akaanza. Anajua, sikatai, alifika 860 na kitu. Mama alikuwa mlangoni kafumba macho, anasikiliza. Basi mwanaume yule akasita, akageuka kutazama nyuma ya kiti chake, kama aliyehisi mtu kamsimamia. Hakukuwa na mtu. Akakiweka mezani polepole, yule mtu mdogo bado ana mzigo kichwani, na ubao chini yake ukapotea.